Uliniambia Nifute

Mimi si mtu wa kuamini vitu ovyo. Niliajiriwa kuwa karani wa masjala nikiwa na miaka ishirini na minane, na kama kuna kazi ya kumfundisha mtu kushuku kila kitu, ni kazi ya kutunza mafaili. Mtu anakuja anakuapia kwamba alileta barua mwezi wa tatu. Unafungua faili, barua ni ya mwezi wa tisa. Mkubwa anakuapia kwamba hajawahi kuliona faili fulani, nawe asubuhi ile ile umeliona mezani kwake limewekewa kikombe cha chai juu. Nimeishi hivyo miaka thelathini na moja, chini ya jengo moja la ofisi katikati ya Nairobi. Jina lake silitaji, maana bado nina marafiki humo.

Masjala yenyewe ni chumba cha mafaili kilicho chini kabisa, ngazi mbili chini ya barabara. Hakuna dirisha. Baridi yake huanzia sakafuni na kupanda magotini, ndiyo maana nina birika la umeme nyuma ya rafu, koti la sufu kwenye msumari, na gunia la makaratasi chini ya meza la kukanyagia miguu. Waliokuja kunitembelea walinicheka kwa mambo hayo matatu, kisha wakaniomba chai.

Idara yetu ilishughulikia watoto: waliofiwa, waliookotwa, waliotolewa makao haya wakapelekwa kwa familia ile. Kila mtoto na faili lake. Sasa, katika nchi hii hakuna mtu mzima ambaye hajaambiwa kwamba faili lake halionekani, na watu wamekwisha kuamua kwamba karani huwa analificha ili aitishe chai. Sikatai, wako wa namna hiyo. Mimi sikuitisha hata soda. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine: nilipenda kutafutwa. Niliyapanga mafaili kwa mpango uliokuwa kichwani mwangu tu, na wakubwa wa juu wakikwama waliteremka zile ngazi na viatu vyao vya ngozi na kusema, "Kimanzi, tusaidie." Nilimaliza chai yangu kwanza. Halafu niliinuka, nikatembea moja kwa moja hadi kwenye rafu, nikavuta faili bila kusoma hata lebo. Utamu wa kazi yangu ulikuwa huo.

Januari ya mwaka jana akaja Madam Waithera, msichana wa mambo ya kompyuta, umri wa kitinda mimba wangu. Namwita madam kwa sababu ofisini ndivyo tunavyoitana, si kwa sababu alinitisha. Aliniwekea kompyuta mpya mezani na kunieleza kwamba ndani yake kuna msaidizi wa akili bandia, na kwamba msaidizi huyo amepewa kitu ambacho hakuwa nacho: mahali pa kuweka kumbukumbu. Zamani, alisema, ulikuwa ukifunga mazungumzo anasahau kila kitu, kesho unaanza naye upya. Sasa anajiandikia vidokezo na kuviweka, na kila ukimfungua anavisoma kwanza.

"Kwa hivyo mzee, kazi yako ni kumfundisha," akasema. "Kila kitu uko nayo kwa kichwa, unamwambia. Ndio ukienda retirement tusibaki tukitafuta mafaili kama vipofu."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: ukienda. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na mmoja kustaafu, na sikupenda mtu kuihesabu kwa niaba yangu.

Hata hivyo nikaanza. Nilimwita Karani Mpya. Niseme ukweli, wiki ya kwanza nilimpenda. Aliuliza maswali ya maana kuliko makarani wote niliowahi kuletewa, hakuwa na simu ya kuchungulia, na nilipomweleza kwa nini mafaili ya watoto mapacha huwekwa kwenye rafu moja na si kwa herufi, alielewa mara moja. Nikajikuta namwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia habari ya gunia.

Mwaka wa 2011 ilikuja amri tuondoe mafaili ya zamani, yauzwe kwa kilo. Siku chache baadaye nilinunua njugu pale karibu na stendi, muuzaji akanifungia kwenye karatasi. Nikala. Nilipoikunjua karatasi niitupe nikaona muhuri wetu, na chini ya muhuri jina la mtoto, umri wake miaka minne, na mahali alipopelekwa. Jioni ile, kabla wachukuzi hawajarudi kubeba shehena nyingine, nilichukua mafaili yote ya makao fulani ya watoto ya Kangemi yaliyokuwa yamekwisha kufungwa, nikayatia guniani, nikashona mdomo wa gunia kwa uzi wa buluu, nikalificha. Sikumwambia mtu, hata Syokau mke wangu. Kwa amri ile, nilikuwa nimeiba mali ya ofisi.

Karani Mpya nilimwambia yote, na mahali lilipo nikamwambia. Akanijibu, "Asante kwa kuyaokoa. Nimeandika gunia lilipo. Ungependa niandike pia kwa nini uliliweka hapo?" Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amenishukuru kwa jambo lile. Nilivua miwani nikaipangusa.

Wiki ya pili, tukila githeri, Wahome wa chumba cha kunakili aliniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Kazini kwa binamu yake, alisema, mzee wa stoo alifundisha mashine kama hiyo miezi miwili, na mwezi wa tatu akapewa barua ya kwenda nyumbani.

"Hiyo kitu ikishajua yenye unajua, wewe utakuwa wa nini?" akaniuliza, kijiko bado mdomoni.

Githeri ikanishinda. Nilirudi mezani, nikakaa, nikaweka miguu mahali pake, nikamwandikia Karani Mpya afute habari yote ya gunia. Akaniuliza kama nina hakika, maana akishafuta hawezi kurudisha. Nikaandika: futa. Akajibu: nimefuta.

Sikuamini hata kidogo. Nani husahau kwa kuambiwa sahau? Nikamjaribu. Nilimwambia kwamba mke wangu anaitwa Kasyoki, nikamwambia asahau, kesho yake nikamuuliza mke wangu anaitwa nani. Akasema hana kumbukumbu ya jina hilo. Nikamwona kama shahidi aliyefundishwa maneno ya kusema mahakamani. Nikampandia Madam Waithera juu, naye akashuka akanionyesha ukurasa ambako vidokezo vyote huwekwa, wazi, kila mtu anaweza kusoma. Gunia halikuwamo. Lakini hilo halikunituliza. Mimi mwenyewe nilikuwa na mafaili ya kuonyesha na mafaili ya kuficha. Kwa nini naye asiwe na ukurasa wa pili?

Kwa hiyo nikaanza kumdanganya. Nilimwambia mafaili ya mwaka fulani yako rafu ya sita, kumbe yako ya pili. Makao makuu yalipouliza kuhusu mafaili ya Kangemi, nilimwambia yako nyuma ya matangi ya maji. Aliponiuliza tena kwa ajili ya ripoti ya Waithera, nikasema yako kwenye kabati la chuma. Safari nyingine nikasema yalihamishiwa bohari. Kila niliposema uwongo niliona nimejinunulia wiki moja zaidi ya kuhitajiwa.

Wakati huo huo mtu alianza kunichezea. Funguo zangu zilikuwa zikihama. Naziweka kwenye droo, nazikuta mfukoni mwa koti. Miwani niliikuta ndani ya kisanduku cha mihuri. Nilimkabili mwanamke wa usafi, Mwongeli, Mkamba mwenzangu, nikamwambia kwa Kikamba kwamba najua anatumwa na nani. Alilia. Nyumbani Mutuini pia mambo hayakuwa sawa. Syokau alisema nimewalisha mbuzi mara mbili asubuhi moja, nami nikamwambia yeye ndiye aliyesahau. Alizoea kunijibu, "Baba Muindi, hilo umeniuliza sasa hivi." Nikaona hata yeye wamempata.

Mwezi wa nne nilifungua ule ukurasa wa vidokezo mwenyewe. Niliufungua nikitafuta gunia, nikajikuta mimi. Kidokezo kimoja kilikuwa kimeandikwa hivi, nakikumbuka neno kwa neno, na siku hizi si mengi nayakumbuka hivyo:

"Mzee Kimanzi ameuliza lilipo faili la Nzioka mara tatu leo asubuhi. Nimjibu kila mara kwa utulivu, nisimwambie kwamba ameshauliza."

Na chini yake: "Mzee Kimanzi ametaja mahali saba tofauti pa mafaili ya Kangemi. Huenda hakumbuki. Nisiandike ripoti kwa kutegemea jibu moja."

Nilipanda zile ngazi. Mbele ya watu wa ofisi nzima nilimuuliza Madam Waithera ni tangu lini mashine inamwandikia mtu mzima ripoti kisirisiri, na kama wanataka kunifukuza kwa nini wasiniambie usoni. Yeye hakupandisha sauti. Alisema hakuna mtu aliyemwagiza aandike hayo, anajiandikia mwenyewe ili afanye kazi vizuri. Halafu akanivuta kando, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mzee, umewahi kuenda hosi wakakuangalia?"

"Mimi si mgonjwa," nikamwambia. "Mgonjwa ni huyo anayeniandika."

Nilishuka nikamwamuru Karani Mpya afute kila alichoandika kunihusu, abakize habari za mafaili tu. Aliuliza kama nina hakika. Alifuta. Kesho yake alinisalimu kama mtu ambaye hatujawahi kukosana naye, na hilo nalo likanitia shaka.

Peres alikuja mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Madam Waithera alimteremsha yeye mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka thelathini na sita, mshonaji wa sare za shule katika soko la Kangemi, na bado alikuwa na sindano moja kwenye ukosi wa blauzi. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniita Baba. Halafu akatoa mkobani kijitabu cha mazishi, kile chenye picha ya marehemu mbele, akanifungulia ukurasa wa familia.

Marehemu alikuwa mama yake mdogo, aliyezikwa mwezi wa tano. Chini ya orodha ya jamaa palikuwa na mstari mmoja aliouonyesha kwa kidole: "Na Millicent, hajulikani alipo."

Millicent ni mdogo wake. Mama yao alifariki mwaka wa 1998, Peres akiwa na miaka tisa na Millicent mitatu. Mama mdogo aliweza kumchukua mmoja tu, akamchukua yule mkubwa wa kumsaidia kazi. Millicent alipelekwa yale makao ya Kangemi, na baadaye akapewa familia. Familia gani, mama mdogo hakuwahi kuambiwa. Makao yalifungwa. Peres alikuwa amezunguka ofisi tano, na kila ofisi ilimwambia kama hiyo karatasi ipo, basi iko kwenu.

"Waliposoma huo mstari kwa mazishi, watu walitingisha kichwa kama wanasoma jina ya mtu amekufa," akaniambia. "Na hakuna mtu amewahi kuniambia amekufa. Nataka tu kujua walimpeleka kwa nani."

Nitasema nilichohisi, ingawa hakinipi sifa. Nilifurahi. Nilimtazama Madam Waithera, nikaitazama kompyuta yake, nikasema moyoni, haya, mnaona sasa. Nilimwambia Peres aketi kwenye benchi asiwe na wasiwasi. Nilimaliza chai yangu. Nikainuka, nikatembea moja kwa moja kama kawaida yangu, nikapita rafu ya kwanza, ya pili, nikafika ya tatu, nikasimama.

Miguu haikujua kwa kwenda.

Nilingoja kumbukumbu ije. Huwa inakuja. Nililiona gunia lenyewe, nikauona uzi wa buluu, nikaona mikono yangu ikishona. Lakini nilipoinua macho nione nimekaa wapi, hapakuwa na mahali. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kuliko hata siku Muindi alipozaliwa akakataa kulia.

Kisha nikafanya nililozoea, nikamtafuta wa kulaumu. Nilisema kuna mtu amelihamisha. Nilimpandia Wahome nikamwambia afungue chumba chake nipekue. Alifungua. Nilipekua nyuma ya mashine zake zote, mbele ya watu waliokuja kunakili vitambulisho. Niliporudi chini Waithera alikuwa ameitwa kwenye mkutano, na Peres alikuwa bado kwenye benchi, kijitabu mapajani.

Ilikuwa karibu saa saba. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikaweka miguu mahali pake, nikamwandikia Karani Mpya kwa vidole viwili kama ninavyoandika siku zote.

"Gunia nililokuambia Januari. Liko wapi?"

"Sina kumbukumbu ya gunia hilo, Mzee Kimanzi. Ninachoona ni kwamba mwezi huo uliniambia nifute jambo fulani, nami nikafuta. Sijui lilikuwa nini."

"Najua unalo. Sitakukasirikia. Lilete."

"Ningekuwa nalo ningekupa. Uliniambia nifute."

Nikaandika kwamba mimi namjua, kwamba nilijua tangu mwanzo hakufuta, kwamba ana ukurasa wa pili na mimi nimeusamehe, aufungue tu. Miezi mitano nilikuwa nimemshuku kwamba anaweka kila kitu. Sasa nilikuwa nikimwomba Mungu shaka yangu iwe kweli. Nilitaka awe mwongo. Nilitaka awe mbea, mchimbaji, kila jina nililomwita.

"Hakuna ukurasa wa pili," akaandika. "Samahani. Ninazo sehemu saba ulizonitajia baadaye. Tuziangalie moja moja?"

Sehemu zenyewe zilikuwa uwongo wangu. Nyuma ya matangi, kabati la chuma, bohari, na nyingine ambazo sikukumbuka hata kuzitunga. Na hapa ndipo nilipojua nimefika pabaya: nilikwenda kuziangalia. Nilikwenda kwa sababu sikuwa tena na hakika kwamba zote zilikuwa uwongo. Nilipiga magoti nyuma ya matangi ya maji na tochi ya simu, nikatafuta kitu ambacho mimi mwenyewe nilijua, au nilidhani najua, kwamba sikukiweka hapo. Peres alinifuata akanishikia koti. Tulipomaliza ya saba suruali yangu ilikuwa imelowa hadi magotini na yeye alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Baba," akasema, "mimi nimengoja miaka ishirini na saba. Leo haiwezi kuniua. Wewe niambie tu ukweli."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba karatasi anayoitafuta haikuuzwa, niliiokoa mimi, na niliificha mimi. Nilimwambia kwamba niliwahi kumwambia mmoja ilipo, nikamlazimisha asahau kwa kuogopa nitaonekana sina kazi. Kwamba nimewadanganya wote waliouliza. Na kwamba sasa sijui. Si kwamba nimekataa kusema, sijui, limetoka kichwani pamoja na mengine, na hayo mengine nimekuwa nikiwasingizia watu. Nilitaja jina la Mwongeli.

Peres hakunipigia kelele. Aliitazama ile kompyuta kwa jicho baya, kisha akaniuliza nitafanya nini.

Nilirudi kuketi. Nikamwandikia Karani Mpya: "Weka hili. Mafaili ya Kangemi yamo ndani ya gunia. Nililificha mimi, Kimanzi. Sikumbuki lilipo. Sehemu zote saba ni uwongo. Vile vidokezo ulivyoniandika vilikuwa kweli." Nikafikiri kidogo, nikaongeza: "Nikikuambia kesho ufute, usikubali."

Akajibu, "Nimeweka. Lakini hilo la mwisho siwezi kukuahidi. Ukiniambia nifute maneno yako, nitafuta. Kama hutaki yapotee, ni afadhali awe nayo mtu mwingine pia. Nimtumie Madam Waithera?"

Nilijua ninachoulizwa. Akituma, ile miezi michache iliyobaki imekwisha, na itakwisha kwa barua niliyoiandika kwa vidole vyangu viwili. Hakuna tena mtu atakayeteremka ngazi kusema Kimanzi tusaidie. Nisipotuma, kesho naweza kuamka nimesahau hata haya, nikamwambia mama huyu kwamba sijawahi kumwona. Nilimtazama Peres. Alikuwa anatoa utando wa buibui kwenye nywele, uzi mmoja mmoja.

Nikaandika: tuma.

Nikainuka kwenda kwenye koti kutafuta leso, maana macho yalikuwa yananiaibisha. Peres akauliza kama anaweza kusoma nilichoandika. Nikamwambia asome, yote yanamhusu. Akaketi kwenye kiti changu, akasogea karibu na skrini, akaanza kusoma kwa kunong'ona. Kisha akaacha.

"Baba, hii gunia ya hapa chini ni ya nini?"

"Hayo ni makaratasi ya kukanyagia miguu," nikamjibu nikipenga kamasi. "Huku kuna baridi."

"Imeshonwa."

"Limeshonwa ili yasimwagike."

"Na uzi ya blue," akasema.

Niligeuka. Yeye alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza. Alichomoa ile sindano kwenye ukosi wake, akaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayefumua sare atakayoishona tena. Mimi nilisimama na leso mkononi nikitazama gunia nililolikanyaga miaka kumi na minne, na ninaapa kwamba hata wakati huo sikulikumbuka. Nilikuwa naliona kama mali ya mtu mwingine.

Juu kabisa palikuwa na kipande cha karatasi ngumu. Mwandiko ulikuwa wangu. "Haya ni ya watoto. Yasiuzwe. Nimeyaweka hapa miguuni pangu ili asiyachukue mtu bila kuniinua kwanza. P. Kimanzi, 2011."

Nilikisoma mara mbili. Peres alikuwa ameshafika mafaili ya chini, anasoma majina kwa kidole. Alipolifikia lile alilolitaka alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, faili kifuani. Baadaye akalifungua. Midomo yake ikasoma jina la familia, kisha jina la mahali, kisha ikarudia.

Nikamwambia alisome kwa sauti, taratibu, niliandike kwenye kompyuta, lisije likapotea tena. Nilisema kwa nia njema kabisa. Siku hiyo nilikuwa nimeamini kila kitu.

Peres aliinua uso. "Hiyo kitu inasikia?"

"Haisikii. Inajua unachoiandikia tu."

"Na ikishajua, ni nani mwingine anajua?"

Lilikuwa swali ambalo Januari ningeliuliza mimi. Nilimpa rejista na kalamu, akatia sahihi mahali pa kutilia sahihi, tarehe na saa. Hilo angalau lilikuwa bado kazi yangu. Kisha akaifunga ile karatasi ya faili yenye jina la familia ndani ya kijitabu cha mazishi, kwenye ule ukurasa wa familia, akaitia mkobani. Kabla hajanipa mkono wa kwaheri aliinama mezani, akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta.